Umeme kwa Mkono Uliolala

Mvuvi wa mto Lualaba akivuta wavu akahisi mshtuko unampanda hadi begani, haulizi amepatwa na nini. Anaachia kamba, anasubiri, kisha anamtoa yule samaki kwa kijiti kikavu. Ni jamaa ya kambare: mnene, hana magamba, ngozi laini yenye madoa meusi na masharubu sita. Wataalamu wanamwita Malapterurus. Mkubwa wake anaweza kutoa umeme wa volti 350 hivi, tena chombo anachoutolea ni msuli wake mwenyewe uliogeuka, umemzunguka mwili mzima chini ya ngozi. Kila upande unaamrishwa na seli moja tu ya neva iliyoko kwenye uti wa mgongo. Mwaka 2002 Steven Norris alipoipanga upya jamii hii ya samaki, katika kitabu kilichotolewa na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alieleza spishi mpya 14, kadhaa kati yao za maji ya Kongo.

Leo kuna madaktari wanaopitisha umeme katika ubongo wa mtu aliyepigwa na kiharusi ili mkono wake uamke, na wengi wakisimulia walikofikia huanzia Ulaya. Mimi naona tuanzie kwa samaki. Wamisri walimchora kwenye kaburi la Ti kule Saqqara zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekaa Misri karibu na mwaka 1200, aliandika jinsi anayemgusa akiwa hai anavyotetemeka na kufa ganzi, na jinsi nguvu hiyo inavyokwisha samaki akishakufa. Kabla yake, katika karne ya kwanza, tabibu Scribonius Largus wa Roma alikuwa akimwekea mgonjwa wa kichwa taa wa baharini mwenye umeme, akiwa hai, mpaka sehemu yenye maumivu ife ganzi. Hakuna kati yao aliyejua umeme ni nini. Walijua tu kwamba kuna kitu kinatoka kwa mnyama, kinaingia kwa mtu na kumbadilisha.

Miaka ya 1740 ilipatikana chupa ya Leyden, yenye kuhifadhi umeme hadi mtu autake, na samaki akapata mpinzani. Magazeti yakaandika kwamba huko Italia na Ujerumani waliopooza wanaponywa kwa umeme. Huko Pennsylvania watu wakaanza kuletwa kwa Benjamin Franklin, ambaye hakuwa daktari ila alikuwa na chupa. Aliyoyaona aliyaeleza kwa daktari John Pringle katika barua ya tarehe 21 Desemba 1757, na barua hiyo inastahili kusomwa na kila anayeuza mashine za umeme leo.

Mgonjwa alikalishwa kwenye kiti. Chupa mbili kubwa zilijazwa umeme, kisha ukapitishwa kwenye mkono au mguu uliopooza, mara nyingi mishtuko mitatu kwa siku. Kwanza kiungo kilipata joto. Usiku wagonjwa walihisi kama wanachomwachomwa nyamani. Kulikuwa na mtu mmoja ambaye siku ya kwanza hakuweza kuinua mkono kutoka gotini. Siku ya pili aliuinua kiasi cha upana wa kiganja, siku ya tatu juu zaidi, na siku ya tano, kwa unyonge, akavua kofia yake. Hapo matumaini yalikuwa makubwa kwa wote waliokuwepo. Lakini Franklin anasema baada ya siku ya tano hakuona tena nafuu yoyote. Wagonjwa wakiona hakuna kinachoongezeka walikata tamaa, wakarudi makwao, na muda si mrefu mikono ikalala kama zamani. Yeye mwenyewe hakudai ameponya mtu. Alijiuliza pia ile nafuu ya mwanzo ilitokana kwa kiasi gani na umeme, na kwa kiasi gani na safari ya kila siku ya kuja nyumbani kwake na moyo aliokuwa nao mgonjwa anayetarajia kupona. Akaongeza kwamba pengine mambo yangekuwa tofauti kama matibabu hayo yangeambatana na dawa na utaratibu mzuri chini ya daktari stadi.

Safari ya kila siku, moyo wa mgonjwa, na mtu wa kumwangalia. Mambo hayo matatu yamekuwa yakirudi katika habari hii kwa zaidi ya miaka 260, na kila mara waliokuwa na mashine mkononi walikuwa wepesi kuyasahau.

Mwaka 1870, Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig walifungua fuvu la mbwa ndani ya nyumba ya kuishi, kwa kuwa chuo hakikuwa na nafasi ya kazi kama hiyo. Walipogusa sehemu fulani ya ubongo kwa mkondo mdogo wa betri, mguu wa upande wa pili ulitikisika. Wakisogea kidogo, kiungo kingine. Kumbe ubongo una ramani, na ramani hiyo inasomeka kwa umeme. Miaka minne baadaye, Cincinnati, daktari Roberts Bartholow alitaka kuisoma kwa binadamu. Mgonjwa wake, Mary Rafferty, alikuwa mtumishi wa ndani mwenye kidonda kilichokula fuvu hadi ubongo ukaonekana. Bartholow aliingiza sindano, mkono wa upande wa pili ukajikunja; akaongeza umeme, mama yule akashikwa na degedege, na siku chache baadaye akafa. Daktari alilaumiwa na wenzake, naye akajitetea kwamba mgonjwa alikuwa afe tu. Sioni kwamba utetezi huo unamfaa. Vitabu vya tiba bado vinamtaja kuwa wa kwanza kuona ubongo wa mtu ukiitikia umeme, na ni kweli, lakini ni vyema kukumbuka ni nani aliyelipa.

Wakati huohuo huku Maniema, mashariki mwa Kongo, watu walikuwa na ugonjwa wao wa ubongo. Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Waungwana, makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, mji wa mpunga na miembe, ambao majeshi ya Dola Huru la Kongo yaliuteka Aprili 1893. Kabambare, upande wa mashariki, ulikuwa kituo kwenye njia ya misafara itokayo Ujiji. Livingstone aliwahi kukwama hapo mwaka 1870, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea kwa wiki nyingi. Vita, misafara na uchukuzi wa kulazimishwa viliwahamisha watu ovyo, na malale yakasafiri pamoja nao. Malale husababishwa na kijidudu kinachoenezwa na mbung'o. Kikifika kwenye ubongo mtu analala mchana, hukesha usiku, anachanganyikiwa, kisha anakufa.

Mwaka 1903 chuo cha tiba ya nchi za joto cha Liverpool kiliwatuma madaktari Joseph Everett Dutton na John Todd waupande mto Kongo wakichunguza malale. Walipofika Kisangani wote wawili walishikwa na homa nyingine, homa ya papasi. Hawakuacha kazi. Walionyesha kwamba papasi ndiye anayeileta, na wakaendelea hadi Kasongo. Hapo, tarehe 27 Februari 1905, Dutton alikufa kwa homa hiyohiyo, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu cha homa ya papasi kinaitwa Borrelia duttonii kwa jina lake. Kuhusu malale waliacha njia rahisi kabisa: kupapasa shingo kwa vidole kutafuta tezi zilizovimba, kisha kuchoma tezi na kutazama majimaji yake kwa darubini. Kwa njia hiyo timu zilianza kwenda kijiji kwa kijiji, watu wakipangwa mstari na kupapaswa. Zoezi hilo liliendeshwa kwa amri ya mkoloni, mara nyingine kwa mjeledi, na wazee wa Maniema hawakulisahau. Hata hivyo lilithibitisha kwamba ugonjwa wa ubongo unaweza kufuatiliwa na watu wasio na hospitali kubwa, ilimradi wanarudi tena na tena mahali palepale.

Kasongo ilirudi kwenye majarida ya tiba miaka ya 1970, na safari hii kwa jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko lile la papasi. Mwaka 1971 chuo cha tiba ya nchi za joto cha Antwerp, chini ya maprofesa Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, kilianza mradi pamoja na wakuu wa Zaire katika zoni ya Kasongo. Swali lao lilikuwa la kawaida tu: hospitali moja yenye madaktari wawili watatu itawahudumiaje watu waliotawanyika msituni na kwenye mbuga, ambao wengi hawafiki hospitali mpaka wawe mahututi? Jibu lao lilikuwa kituo cha afya kinachoongozwa na muuguzi, karibu na watu, kinachotibu, kinachochanja, kinachopima wajawazito, na ambacho daktari anakitembelea ili kufundisha badala ya kukaripia. Mgonjwa wa muda mrefu aliwekewa fishi, yaani kadi yake, kituoni, na fishi zikapangwa kwa tarehe ya kurudi. Siku ikipita na mtu hajaja, muuguzi anajua ni nani wa kuulizia kijijini. Wanakijiji walikuwa na kamati yao, na bei zilijadiliwa pamoja nayo.

Kati ya waliofanya kazi huko ni daktari Mkongo Kasa Asila Pangu, aliyeandika tasnifu yake kuhusu vituo hivyo, na Wim Van Lerberghe, ambaye baadaye aliongoza uandishi wa Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2008 iliyohusu huduma ya afya ya msingi. Mwaka 1981 timu ya Kasongo ilichapisha katika Lancet utafiti wake kuhusu chanjo ya surua, na mwaka 1984 ikaeleza jinsi huduma ya msingi ilivyowezekana kwa chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978, uliotangaza huduma ya msingi kwa ulimwengu mzima, ulikuta Kasongo imeshaanza. Zaire nzima ikagawanywa katika zoni za afya 306. Leo nchi ina zoni 519, na Kasongo na Kabambare kila moja ina yake. Ushirikiano wa Ubelgiji ulisitishwa 1990, na vita vya 1996 na kuendelea vilipora dawa, magodoro na pikipiki. Lakini muundo ulibaki, na muuguzi mkuu wa kituo, ambaye kila mtu humwita IT, bado yupo hata pale ambapo mshahara wake haufiki.

Nimekaa juu ya mradi huo kwa sababu mambo yaliyofuata katika tiba ya kiharusi hayaeleweki vizuri bila ya fishi ile.

Marekani, Edward Taub alikuwa akichunguza nyani waliokatwa neva za hisia za mkono mmoja. Mkono ungeweza kusogea, ila mnyama aliuacha, akajizoesha kutumia mzima peke yake. Akifungwa ule mzima, aliuamsha uliolala. Taub akapeleka wazo hilo kwa wagonjwa wa kiharusi: mkono mzima unavalishwa soksi nene au unafungwa kwa kitambaa muda mwingi wa mchana, na mgonjwa analazimika kushika kijiko, kupanga karanga, kukunja kitenge kwa mkono dhaifu. Jaribio liitwalo EXCITE, lenye wagonjwa 222, lilionyesha mwaka 2006 kwamba kwa wale wenye uwezo wa kusogeza kifundo na vidole japo kidogo, njia hiyo inasaidia, na nafuu inadumu. Haikuhitaji hata waya mmoja.

Umeme nao ulikuwa njiani. Mwaka 1980 Merton na Morton, London, walipitisha mshtuko mkali juu ya fuvu bila kulifungua, kidole kikaruka. Ilifanya kazi lakini iliuma. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake, Sheffield, walitumia sumaku inayobadilika kwa kasi, na maumivu yakaondoka. Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus, Göttingen, walirudia wazo la zamani kwa kipimo kidogo sana: sponji mbili zenye maji ya chumvi kichwani, mkondo wa miliampea moja hivi kwa dakika chache. Seli zilizo chini ya sponji moja zinakuwa nyepesi kuamka, zilizo chini ya nyingine zinapoa. Kiharusi kinapoua sehemu ya ubongo upande mmoja, wengi waliamini kwamba upande wa pili huubana ule ulioumia. Basi ikafikiriwa kwamba umeme utarudisha mizani. Kifaa chenyewe kinaendeshwa na betri ya volti 9. Ni rahisi kutengeneza, na hapo ndipo penye hatari. Redio na betri zake ziko katika nyumba nyingi hadi Kabambare, na hakutakosekana mtu wa kumfungia baba yake waya kichwani. Ngozi itaungua, na kama kiharusi kilitokana na mshipa uliopasuka, hakuna ajuaye umeme utafanya nini.

Matumaini yaliruka juu. Kampuni ya Northstar ya Marekani ilipandikiza bamba la umeme juu ya ubongo wa wagonjwa. Mwaka 2008 ilitangaza kwamba jaribio lake kubwa halikufikia lengo, na mwaka uliofuata ikafungwa. Mwaka 2025 jaribio liitwalo TRANSPORT2, lenye wagonjwa 129, liliweka sponji kichwani wakati mgonjwa anafanya mazoezi ya kufungwa mkono kama ya Taub. Wengine walipewa miliampea 4, wengine 2, wengine hawakupewa umeme bali walidhani wanao. Wote walipata nafuu, na hakukuwa na tofauti kati yao. Aliyeamsha mkono alikuwa yule mtaalamu aliyekaa na mgonjwa akimrudisha kwenye kazi.

Pale umeme uliposhinda, ulishinda kwa kunyenyekea. Mwaka 2021 Lancet ilichapisha jaribio la wagonjwa 108 katika vituo 19 vya Uingereza na Marekani. Waya ulizungushwa kwenye neva ya vagasi shingoni, na kifaa kikawekwa chini ya ngozi ya kifua. Mgonjwa anafanya tendo, tuseme kugeuza chupa au kunyanyua sarafu, na papo hapo mtaalamu anabonyeza kitufe. Umeme unapita kwa nusu sekunde, ubongo unamwaga kemikali zinazouambia kwamba hili ndilo la kukumbuka. Tendo, kitufe, tendo, kitufe, zaidi ya mara 300 kwa kipindi, vipindi vitatu kwa wiki, kwa wiki sita. Kwenye kipimo cha mkono chenye alama 66, waliopata umeme waliongeza alama 5.0, waliofanya mazoezi bila umeme, 2.4. Tarehe 27 Agosti 2021 serikali ya Marekani ikaidhinisha kifaa hicho. Hesabu ya matendo kwa mgonjwa mmoja inapita 5,400. Mtu wa Franklin, yule wa kofia, nafuu yake iliishia siku ya tano.

Kutoka Kabambare hadi meza ya upasuaji ya aina hiyo ni mbali kuliko ramani inavyosema. Hata picha ya ubongo inayotenganisha kiharusi cha damu kuganda na kile cha mshipa kupasuka iko mbali, kwa hiyo IT anayeandika AVC, yaani kiharusi, kwenye fishi hawezi kujua ni kipi, na hata aspirini anaitoa kwa wasiwasi. Anachoweza kujua ni tansio, yaani shinikizo la damu. Tanzania, kati ya 2003 na 2006, watafiti waliwahesabu wanaopigwa na kiharusi kwa mara ya kwanza: baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam walikuwa karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai, mashambani chini ya Kilimanjaro, karibu 109. Wengi walikuwa na shinikizo la juu la damu ambalo halikuwahi kutibiwa. Dawa zake ni za zamani, ni vidonge vya kila siku, na hazina maana bila mtu wa kuuliza kwa nini Jumanne hukuja.

Nisiwatie wasomaji tamaa ya bei rahisi. Mwaka 2017 India ilitoa matokeo ya jaribio la ATTEND, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, ambamo ndugu wa mgonjwa walifundishwa kumfanyisha mazoezi nyumbani. Haikuleta tofauti na huduma ya kawaida. Jamaa wana shamba, wana watoto, wanachoka. Na kumpenda mgonjwa ni jambo moja, kumrudisha kwenye karanga mara 300 ni jingine. Mazoezi yanahitaji mtu ambaye hiyo ni kazi yake, aliyefundishwa, anayelipwa, na anayerudi. Kasongo ya miaka ya 1970 ililijua hilo kwa surua na kwa kifua kikuu. Kwa kiharusi halihitaji kitu kipya sana: kipimo cha tansio kisichovuja, vidonge visivyokatika, saa mbili za mafunzo kwa muuguzi kuhusu kumgeuza mgonjwa kitandani, kumlisha asipaliwe na kuufunga mkono mzima, na fishi iliyowekwa mahali pake kwa tarehe ya kurudi. Siku muuguzi anapokwenda nyumbani kwa aliyepooza, kile kipimo akibebe, ampime na mke anayemwogesha, na kaka yake, na yeyote wa umri wao aliyeketi barazani, kwa maana tansio hukaa katika ukoo na chumvi ya sufuria moja wanaila wote.